Somo la Redioni: Mtoto Amemeza Kitu

Somo hili limepigwa chapa ili kila mmoja wenu alisome tena baada ya redio kuzimwa, na yule ambaye bado hajui kusoma asomewe na mwenziwe.

Leo twasoma juu ya jambo linalotokea ghafula, ndani ya nyumba, mchana kweupe, huku mama yupo hatua tatu tu. Mtoto mdogo ametia kitu kinywani, naye amekimeza.

Kabla hatujaanza, kiongozi aandike ubaoni maneno haya sita: PUMZI, UMIO, SARAFU, BETRI, SUMAKU, EKSIREI. Someni pamoja mara mbili, kisha kila mtu ayaandike katika daftari lake. Neno moja kati ya hayo huenda ni geni kwenu, nalo ni umio. Umio ni njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni.

Mwisho wa somo hili yafaa kila mmoja aweze kujibu swali moja. Mtoto akimeza kitu, je, nifanye kazi kwa mikono yangu sasa hivi, au nikimbilie hospitali, au nitulie na kumwangalia? Majibu ni matatu, na kila moja lina mahali pake. Hatari ni kuyachanganya. Mtu hutulia pale apaswapo kukimbia, au hutia vidole kooni pale apaswapo kutulia.

KWA NINI MTOTO HUTIA VITU KINYWANI

Mtoto wa miezi 6 hana njia nyingi za kuijua dunia. Hajui kuuliza wala kusoma. Akiona kitu hukishika, na akikishika hukitia kinywani apate kujua kama ni kigumu au laini, kitamu au kichungu. Basi usimwite mtundu wala mlafi. Anajifunza, kama wewe unavyojifunza. Hatari ni kubwa zaidi tangu anapoanza kutambaa mpaka anapotimiza miaka mitatu hivi. Wakati huo magoti na miguu yake humfikisha kila mahali, lakini akili yake haijamwambia kipi huliwa na kipi hakiliwi.

Tena, meno yake ya kusagia hayajawa tayari. Magego ya kwanza huota mtoto akiwa amekwisha pita mwaka mmoja, na ya pili huota anapokaribia au kupita miaka miwili. Meno ya mbele yaweza kuivunja karanga, lakini hayawezi kuisaga. Vipande hubaki kinywani. Mtoto akicheka au akilia au akikimbia, vipande hivyo huvutwa pamoja na pumzi.

Jambo la tatu ni wembamba wa njia zenyewe. Itazame penseli uliyo nayo mkononi. Njia ya pumzi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko penseli hiyo. Punje ya mahindi ambayo wewe ungeikohoa na kuisahau, kwake ni kama jiwe mlangoni.

NJIA MBILI ZA KOONI

Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, kisha meza mate. Umesikia kitu kigumu kikipanda na kushuka? Hapo ndipo penye mlango wa njia ya pumzi. Njia hiyo iko mbele, nayo huenda mapafuni. Nyuma yake iko njia ya pili, yaani umio, nayo huenda tumboni. Juu ya njia ya pumzi kuna kifuniko kidogo ambacho hufunga kila tumezapo, ili chakula kipite nyuma. Mtu akila huku akicheka, kifuniko huchelewa kufunga, na ndipo mtu hupaliwa.

Kwa hiyo, kitu kilichoingia kinywani mwa mtoto chaweza kushika njia ya mbele au njia ya nyuma. Kikishika ya mbele, pumzi imo hatarini. Kikishika ya nyuma, mara nyingi kuna nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana swali la kwanza kumwuliza nafsi yako si “Amemeza nini?” Swali la kwanza ni “Je, anapumua?”

KITU KIKIZIBA PUMZI

Mtoto akikohoa kwa nguvu, akilia, au akitoa sauti, hewa inapita. Mwinamishe kidogo mbele, umwache akohoe, ukae naye. Kikohozi chake kina nguvu kuliko kidole chako. Usimpe maji, wala tonge la ugali, wala ndizi.

Lakini ukiona hawezi kulia, kikohozi kimekuwa kimya, macho yamemtoka, na midomo, ufizi au kucha zinageuka rangi ya kijivu au buluu, basi hewa haipiti. Hapo hakuna wakati wa kutafuta gari. Piga kelele watu waje, nawe uanze kazi papo hapo.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, fanya hivi. Keti. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiegemea paja, kichwa chake kikiwa chini kuliko kiuno. Shika taya lake, usimkabe koo. Mpige mara 5 katikati ya mabega, kwa kitako cha kiganja. Kitu kisipotoka, mgeuze alale chali, kichwa kikiwa bado chini, umsukume mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Wengi walifundishwa kusukuma kwa vidole viwili. Siku hizi wako wakufunzi wanaofundisha kitako cha kiganja kimoja. Yote mawili yana shabaha moja, yaani kuisukuma hewa iliyobaki kifuani iweze kukitoa kitu. Endelea hivyo, mgongo 5 na kifua 5, mpaka kitu kitoke au mtoto alie. Usimsukume tumbo mtoto wa umri huu, maana waweza kumwumiza ini.

Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, piga magoti nyuma yake. Mwinamishe mbele, umpige mara 5 katikati ya mabega. Kisha mzungushie mikono, kunja ngumi uiweke juu kidogo ya kitovu, chini ya mbavu. Shika ngumi hiyo kwa mkono wa pili, uvute kwa ghafula ndani na juu, mara 5. Rudia. Njia hii ya kusukuma tumbo ilitangazwa mwaka 1974 na daktari wa Marekani, Henry Heimlich, nayo imefundishwa duniani kote tangu hapo. Kitu kikisha kutoka, mpeleke mtoto kwa mganga amtazame, maana msukumo huo waweza kuumiza ndani.

Akizimia, mlaze chali juu ya sakafu. Fungua kinywa utazame. Ukikiona kitu, kitoe. Usipokiona, usitafute kwa kidole gizani, maana utakisukuma ndani zaidi. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 upesi upesi, umpulizie pumzi 2 kwa kinywa chako, utazame tena kinywani, uendelee hivyo huku watu wakitafuta msaada.

Wako watu ambao humshika mtoto miguu miwili, wakamning'iniza na kumtikisa. Acheni desturi hiyo. Mtoto aweza kuanguka au kuumia shingo, na muda wa kumsaidia unapita. Jizoezeni leo kikundini kwa kanga iliyokunjwa mfano wa mtoto. Msijizoeze kwa mtoto aliye mzima.

KARANGA ILIYONYAMAZA

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Kitu kidogo, kama nusu ya karanga au mbegu ya tikiti, chaweza kupita mlango wa pumzi na kushuka mpaka katika tawi la pafu. Mtoto hupaliwa, hukohoa sana kwa dakika chache, kisha hunyamaza. Wazazi hushukuru, husema kimepita. Kumbe hakikupita, kimetulia mahali pabaya.

Baada ya siku au majuma, kikohozi hurudi. Kifua hupiga mluzi, labda upande mmoja tu. Homa huja na kwenda. Mtoto hutibiwa nimonia, hupata nafuu, dawa ikiisha huugua tena. Wengine humpeleka kukatwa kilimi. Kilimi hakina kosa lolote, na kukikata hakuiondoi karanga iliyomo pafuni. Humwongezea mtoto kidonda na hatari ya kutoka damu.

Basi, mtoto akiwa na kikohozi kisichokwisha, jaribu kukumbuka kama aliwahi kupaliwa. Mwambie mganga hata kama ni mwezi umepita: “Alipaliwa na karanga siku fulani.” Eksirei ya kawaida mara nyingi haionyeshi karanga wala plastiki wala mti. Huonyesha vyuma na mifupa. Kwa hiyo maneno yako yaweza kumwonyesha daktari kile ambacho picha imekificha.

Kitu cha namna hiyo hutolewa hospitali kwa mrija wenye taa upitishwao kinywani mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mwaka 1897 daktari wa Ujerumani, Gustav Killian, alitoa kwa mrija kipande cha mfupa kilichokwama katika tawi la pafu la mkulima mmoja. Baada yake daktari Chevalier Jackson, aliyeishi tangu 1865 hata 1958, alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi mjini Philadelphia, Marekani. Vitu alivyovitoa vifuani na kooni mwa watu, zaidi ya 2,000, vimewekwa katika jumba la makumbusho mjini humo. Mna pini, vifungo, sarafu na vichezeo. Hapa Tanzania, hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zina madaktari wa masikio, pua na koo.

KITU KIKISHIKA NJIA YA CHAKULA

Tuseme sasa mtoto anapumua vizuri, nawe wajua amemeza kifungo au mbegu ya zambarau. Hapa tulizeni mioyo. Kati ya vitu 10 vinavyoingia katika njia ya chakula, 8 au 9 hupita vyenyewe na kutoka pamoja na choo. Kimoja au viwili huhitaji kutolewa kwa mrija. Wanaohitaji kupasuliwa ni wachache mno.

Mahali pembamba zaidi ni umio. Kitu kikisha kupita hapo na kuingia tumboni, sehemu kubwa ya safari imekwisha. Kwa kawaida hutoka baada ya siku 4 hadi 7, ingawa kingine huchukua hata majuma 3 au 4.

Ni zipi dalili za kitu kilichokwama katika umio? Mtoto hutoa mate mengi asiyoweza kumeza. Hukataa chakula, au hutapika kila alapo. Hushika shingo au kifua, hulia anapomeza. Ukiona dalili moja katika hizo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sarafu ina habari yake. Sarafu ndicho kitu kimezwacho na watoto mara nyingi kuliko vingine. Yaweza kusimama katika umio bila mtoto kuonyesha dalili yoyote, hasa ikiwa pana. Kwa hiyo mtoto aliyemeza sarafu apelekwe apigwe eksirei, hata akiwa anacheza. Picha ikionyesha sarafu imo tumboni, mtarudi nyumbani, nanyi mtasubiri.

Kusubiri huko ni kusubiri kwa macho wazi. Mpe chakula chake cha kila siku. Mwekee poti au karatasi, ukitazame choo chake kila mara kwa kijiti, mpaka ukione kitu. Usimpe mafuta ya mbarika wala dawa nyingine ya kuharisha. Hayaharakishi sarafu, humkausha mtoto maji mwilini. Tumbo likiuma au likivimba, akitapika, akipata homa, au choo kikiwa na damu au kikiwa cheusi kama lami, acha kusubiri, mrudishe hospitali.

BETRI: NENO LA KUANDIKA KWA HERUFI KUBWA

Katika vitu vyote tulivyotaja, kimoja chafanana na sarafu lakini si sarafu. Ni betri ile ndogo ya mviringo, bapa, yenye kung'aa. Hutiwa katika rimoti za televisheni, saa, mizani ya jikoni, funguo za magari, na vichezeo vya watoto vyenye taa au muziki. Siku hizi imefika hata vijijini.

Ninyi mnaojifunza kusoma mnaweza kuitambua. Itazameni mgongoni. Mara nyingi mtakuta namba kama 2032 au 2025 au 2016. Tarakimu mbili za kwanza, 20, ni upana wake kwa milimita. Mbili za mwisho ni unene: 32 maana yake ni milimita 3 na sehemu 2 za kumi. Betri yenye upana huo ina volti 3, nayo hukwama vizuri sana katika umio wa mtoto mdogo.

Ikikwama, hufanya nini? Wengi hudhani hatari ni betri kupasuka na kuvuja. Sivyo. Ukuta wa umio una majimaji. Betri ikiugusa, umeme hupita katika nyama, nayo majimaji yale hugeuka kuwa makali kama kostiki soda itumiwayo kutengenezea sabuni. Nyama huungua kutoka ndani. Kuungua kubaya kwaweza kutokea katika muda wa saa 2 tu. Betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Na kidonda chaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, kikafikia mshipa wa damu baada ya siku au majuma. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha tolewa betri, akitapika damu au kutoa choo cheusi, arudishwe hospitali mara moja.

Kosa kubwa hapa ni kusema, “Mbona anacheza? Tungoje kesho.” Mtoto huweza kucheza wakati betri inaunguza. Au hukohoa na kutoa mate kidogo, watu wakadhani ni mafua. Ukiona rimoti imefunguka na betri haipo, na mtoto alikuwa hapo, fanya kama ameimeza.

Nenda hospitali yenye eksirei. Piga simu uulize kama ipo na inafanya kazi, usije ukapoteza saa moja katika zahanati ambayo haina la kufanya isipokuwa kukuelekeza mbele. Ukifika, usikae kwenye foleni. Sema kwa sauti: “Mtoto amemeza betri.” Katika picha betri huonyesha mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine, sarafu huonyesha mmoja.

Asali yaweza kusaidia njiani. Watafiti wa Marekani walitangaza mwaka 2018 kwamba asali hupunguza kuungua, kwa kuwa huifunika betri na kuupooza ule ukali. Kama mtoto amepita mwaka mmoja, aweza kumeza, na betri imemezwa katika muda wa saa 12 zilizopita, mpe vijiko 2 vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6, huku mkiwa safarini. Asali haiiondoi betri, wala si badala ya hospitali. Kama haimo nyumbani, usiende kuitafuta. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza viungo.

Betri iliyosukumwa puani au sikioni huunguza vivyo hivyo. Nayo pia ni safari ya haraka.

SUMAKU NA VITU VYENYE NCHA

Sumaku moja ndogo yaweza kupita kama kifungo. Lakini zikiwa mbili, au sumaku moja na kipande cha chuma, habari ni nyingine. Matumbo yamekunjwa kunjwa kama kamba ndani ya kikapu. Sumaku moja ikiwa katika kunjo hili na nyingine katika kunjo lile, huvutana kwa nguvu na kuzibana nyama zilizo katikati. Nyama iliyobanwa hukosa damu, hufa, hutoboka. Wewe huwezi kujua amemeza ngapi. Kwa hiyo hesabu kila sumaku kuwa ni hatari, uende hospitali upesi.

Vivyo hivyo kwa pini, sindano, kipande cha wembe, hereni yenye ncha, na kitu chochote kirefu zaidi ya kidole chako. Mfupa wa samaki ukikwama, usimpe mtoto tonge kubwa la ugali aumezee. Waweza kuuzamisha zaidi katika nyama. Mpeleke kwa mganga aliye na taa na koleo.

MAMBO YA KUEPUKA

Someni polepole, mmoja mmoja, kila mtu mstari wake.

Usimtapishe mtoto. Kitu kilichoshuka salama kikirudi juu chaweza kuingia njia ya pumzi.

Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona.

Usimpe ndizi, ugali wala mkate ili “kusukuma.”

Usimpe dawa ya kuharisha.

Unapokwenda hospitali, usimlishe wala kumnywesha njiani, isipokuwa asali kwa ajili ya betri kama tulivyosema. Huenda daktari akahitaji kumpa dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari kwake.

Usimchape. Mtoto aliyechapwa siku ya kwanza, siku ya pili atakificha alichomeza.

BARUA KWA DAKTARI

Sasa twaja kwenye kazi yenu ya kuandika. Mara nyingi anayempeleka mtoto hospitali siye aliyeona. Bibi aliona, mjomba akambeba. Au mama mwenyewe amefika, lakini hofu imemfunga ulimi. Karatasi haishikwi na hofu. Andika mistari michache umpe anayekwenda. Huu ni mfano:

Mtoto wa kike, mwaka 1 na miezi 8.
Amemeza betri ya rimoti, namba 2032.
Saa 4 na robo asubuhi, leo Jumanne.
Alikula uji saa 1 asubuhi.
Amepewa asali vijiko 2, saa 4 na nusu.
Hajatapika. Anatoa mate mengi.

Mistari sita tu. Daktari akiisoma, amekwisha jua ni kitu gani, ni saa ngapi kimekaa, na kama tumbo lina chakula. Chukueni pia kitu cha pili kinachofanana nacho, kama kipo: kifungo cha shati lile lile, au rimoti yenyewe.

KINGA NYUMBANI

Kabla ya kulala leo, fanyeni ukaguzi. Piga magoti sakafuni, utazame chumba kwa macho ya mtoto atambaaye. Utaona usivyoviona ukiwa umesimama: shanga chini ya kitanda, sarafu pembeni mwa mkeka, kete ya bao iliyoviringika ukutani. Chukua kizibo cha soda kiwe kipimo chako. Kitu chochote kisichozidi upana wa kizibo hicho, pamoja na kizibo chenyewe, kisikae mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka mitatu anafika.

Wazee wachezao bao wahesabu kete zao kabla ya kuondoka barazani. Mafundi cherehani wawe na kopo lenye kifuniko kwa ajili ya pini na vifungo. Asiyekuwa na mkono huru asishike pini kwa midomo, maana mtoto huiga amwonayo. Rimoti ambayo kifuniko chake kimepotea ifungwe kwa utepe wa gundi mpaka ipatikane nyingine. Betri iliyokwisha isitupwe uani. Ifungwe kwa utepe pande zote mbili na kuwekwa juu mpaka itupwe mbali na watoto.

Karanga nzima, korosho, punje za mahindi ya kuchoma na pipi ngumu zisipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano. Karanga si mbaya. Zitwange uzitie katika uji au mboga. Mtoto ale akiwa ameketi. Na wakubwa wake, kaka na dada, wafundishwe pia, kwa kuwa mara nyingi ndio wampao mdogo wao kitu kwa upendo.

Hapa ndipo mwisho wa somo. Viongozi, zimeni redio, mwanze mazungumzo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mtoto amepaliwa na kipande cha embe, naye anakohoa kwa nguvu na kulia. Utafanya nini? Je, akinyamaza ghafula na midomo ikageuka rangi?

2. Kwa nini betri na sarafu, ambazo hufanana, hazina jibu moja?

3. Jirani asema mtoto wake amekohoa miezi miwili, naye ataka kumpeleka kukatwa kilimi. Utamwuliza swali gani kwanza?

4. Hospitali yenye eksirei iliyo karibu nanyi ni ipi? Mtafikaje huko usiku? Nani ana pikipiki au gari? Andikeni majina na namba za simu ubaoni, kila mtu ayanakili.

5. Kila mmoja aandike barua ya mistari sita kwa daktari, juu ya mtoto wa miaka 2 aliyemeza sumaku mbili saa 10 jioni. Badilishaneni barua, msomeane.